Nafasi tupu iliyovipa vituo vyetu jina 00

Usiku wa mbalamwezi dagaa hawavuliki. Taa ya mtumbwi haishindani na mwezi, dagaa hawajikusanyi, na wavuvi wa ziwa letu hukaa nchi kavu siku kadhaa wakitengeneza nyavu. Kwa sisi tunaotunza vituo vya kuchajia taa za sola kwenye mialo, hizo ndizo siku za kugusa mitambo. Taa zimepangwa rafuni, betri zimejaa, na hakuna anayegonga dirisha jioni akitaka taa zake nane kabla jua halijazama. Kwa hiyo tuliposasisha butiloda, programu inayoamsha bodi umeme ukiingia, za vituo vyote saba saa tano asubuhi, siku moja baada ya mwezi mpevu, tulijiona watu wa mipango.

Kufikia saa sita seva ilikuwa inaona kituo kimoja tu. Kilijiita 00, na kilikuwa kinatuma taarifa mara tano ya kawaida.

Naandika kisa hiki kwa urefu kwa sababu kosa lenyewe linaingia kwenye mstari mmoja, lakini sababu za kutoliona ni nyingi, na nadhani yeyote anayeshika bodi za namna hii ana mbili au tatu kati ya hizo mezani kwake sasa hivi.

Kituo chenyewe ni kibanda cha mabati chenye paneli juu, rafu ya chaja ndani, modemu ya simu, na bodi ndogo yenye chipu ya Rockchip RK3328. Bodi inaendesha Linux kutoka kwenye eMMC, kumbukumbu iliyogandishwa hapo hapo kwenye bodi. Inajua namba ya kituo, bei ya kuchaji taa moja, na nani ameondoka na taa gani. Vituo vitano viko Ilemela na Nyamagana, jijini Mwanza, mahali unapofika kwa bodaboda. Cha sita kiko ufukwe wa Sengerema, cha saba Ukerewe.

Sababu ya kugusa butiloda ilikuwa ya haki kabisa. Kila umeme ulipokatika na kurudi, kituo kimoja au viwili vilibaki vimezubaa. Paneli zikiwa na wingu na betri zikiwa chini, kidhibiti hukata bodi ili kulinda betri, kisha huirudisha. Ikirudi, U-Boot, ndiyo butiloda yetu, huhesabu sekunde mbili kabla ya kuita keneli, kiini cha Linux, na herufi yoyote ikiingia kwenye waya wa siriali, ule wa kuongea na bodi, ndani ya sekunde hizo, inasimama na kusubiri amri, ikidhani kuna mtu kwenye kibodi. Hakukuwa na mtu. Kulikuwa na pini ya kupokea iliyoachwa wazi, ikiokota makelele ya chaja kama redio mbovu. Dawa ya kweli ni rezista ya kuivuta pini juu, na tulishaziagiza. Dawa ya haraka ilikuwa kujenga U-Boot mpya isiyosimama mpaka uichapie neno maalumu zima, kwa sababu makelele yanaweza kuotea herufi moja lakini hayajui tahajia.

Na kwa kuwa tunaijenga upya, tukaamua tubadilishe pia namna ya kuiandika. Hapo ndipo mambo yalipoharibikia.

Mafaili mawili, halafu moja

Kwenye RK3328 kuwaka ni kupokezana. Ndani ya chipu kuna programu ndogo isiyobadilishika ambayo, umeme ukiingia, huisoma eMMC kuanzia sekta ya 64, yaani kilobaiti 32 kutoka mwanzo. Pale inatafuta idbloader.img, lenye vipande viwili: cha kwanza kinaamsha kumbukumbu kuu, cha pili, kiitwacho SPL, kinajua kusoma diski. SPL inakwenda sekta ya 16384, megabaiti 8 kutoka mwanzo, inakuta u-boot.itb, na kutoka humo inatoa vitu vitatu. Kuna U-Boot yenyewe. Kuna BL31, sehemu ya Trusted Firmware-A, ambayo kwenye ARM ya biti 64 hukaa ngazi ya juu kabisa ya chipu na ndiyo inayoombwa na keneli kuamsha viini vingine. Na kuna mti wa vifaa, maelezo ya maunzi yaliyomo kwenye bodi.

Zamani U-Boot ilitumia imeji yenye kichwa cha baiti 64 na kwa kawaida mzigo mmoja nyuma yake. Kwa biti 32 hiyo ilitosha. Vitu vilipokuwa vitatu, kila kimoja na anwani yake ya kupakiwa, umbo la FIT likashika nafasi. FIT si chombo kipya kilichobuniwa kutoka hewani. Ni umbo lile lile la mti wa vifaa, ndiyo maana baiti zake nne za kwanza ni d00dfeed kama za faili lolote la mti wa vifaa (dtb). Unaeleza kwa maandishi vipande ni vipi, kila kimoja kikae wapi kwenye kumbukumbu, heshi yake, alama ya kuhakiki kwamba hakijaharibika, ni ipi, na vipi vinakwenda pamoja. Chombo kiitwacho mkimage kinavifunga kuwa faili moja. SPL inafungua, inahakiki, inaweka kila kitu mahali pake, inarukia BL31. Ni kazi safi, na sina ugomvi nayo hata kidogo katika kisa hiki.

Skripti yetu ya zamani iliandika mafaili hayo mawili kila moja kwa mkono wake, kwa dd, amri ya kunakili baiti:

dd if=idbloader.img of=/dev/mmcblk0 seek=64
dd if=u-boot.itb of=/dev/mmcblk0 seek=16384

Tatizo la njia hii linajulikana. Umeme ukikatika kati ya mstari wa kwanza na wa pili, unabaki na SPL mpya na U-Boot ya zamani. Mara nyingi zinaelewana. Siku zisipoelewana unaifuata bodi kwa miguu. Kuna hatari nyingine ya kibinadamu zaidi: mtu anachukua faili moja kutoka ujenzi wa Jumatatu na lingine kutoka wa Alhamisi. Hilo lilishatutokea.

Sasa, ujenzi wa U-Boot kwa chipu hizi hutoa pia faili la tatu, u-boot-rockchip.bin, ambamo chombo kiitwacho binman kimeshaweka vyote viwili. Unaandika mara moja kutoka sekta ya 64 na umemaliza. Faili moja, heshi moja, hakuna kuchanganya siku. Fundi mwenzangu alilipenda, mimi nililipenda zaidi, kwa sababu kabla ya bodi hizi nilifanya kazi miaka kadhaa na bodi zenye chipu za Allwinner, ambako faili la pamoja, u-boot-sunxi-with-spl.bin, ndiyo desturi. Unaliandika kilobaiti 8 kutoka mwanzo, basi.

Mazoea hayo ndiyo yaliyoniponza. Kwenye Allwinner A64 au H5 niliyoizoea, SPL inakaa kilobaiti 8, na FIT inaifuata kwenye kilobaiti 40. Ukiunganisha, kati yao hakuna uwanja wa kuzungumzia. Kwenye Rockchip kati ya kipande cha kwanza na cha pili kuna karibu megabaiti 8. Na faili moja haliwezi kuwa na shimo katikati. Lazima shimo lijazwe na kitu.

Asubuhi ya 00

Kwa nini tuliandika saba kwa mpigo na si kimoja kwanza? Kwa sababu tulikuwa tumejaribu bodi ya mezani mara tatu, ikawaka mara tatu. Sitaongeza utetezi hapo.

Dalili za saa sita zilikuwa za aina mbili, na aina mbili zilitupoteza. Vituo vitano vya karibu vilikuwa hai. Vilichaji, vilituma taarifa, ila vyote vilijitambulisha kama kituo 00, kwa hiyo seva ilivikunja kuwa kimoja na kuchanganya taa za Igombe na za Kirumba katika daftari moja. Vituo viwili vya mbali, Sengerema na Ukerewe, vilinyamaza kabisa.

Tukagawana kesi kama vile ni mbili. Mwenzangu akachukua "tatizo la namba", akaanza kuchimba programu ya seva. Mimi nikachukua "bodi zilizokufa". Dhana yangu ya kwanza ilikuwa BL31: ukijenga U-Boot ya biti 64 bila kuionyesha faili la BL31 lilipo, ujenzi unakuonya lakini unaweza kukuachia faili lisilowaka. Nikakagua kumbukumbu za ujenzi. BL31 ilikuwamo. Na kama isingekuwamo, vile vitano navyo vingekufa, jambo ambalo mtu aliyetulia angeliona kabla ya kukagua chochote. Dhana ya pili ilikuwa umeme kukatika katikati ya kuandika. Vituo viwili, mchana wa jua kali, dakika ile ile? Nikaishikilia dhana hiyo hadi jioni kwa sababu sikuwa na nyingine.

Kesho yake nilivuka Daraja la Kigongo–Busisi kwenda Sengerema. Kabla halijafunguliwa Juni 2025, safari hiyo ilikuwa na saa yake ya kusubiri kivuko. Sasa kilomita tatu za daraja zinaisha hujamaliza kufikiri. Nilifika nikiwa na kompyuta, kidude cha USB cha kusomea siriali, na nyaya tatu. Nikaunganisha, nikawasha. Kioo kikajaa takataka.

Hapa kuna jambo dogo lililokula saa mbili. Bodi za Rockchip huongea siriali kwa kasi ya biti 1,500,000 kwa sekunde, si 115,200 kama wengi tulivyozoea. Hilo nililijua na nilishaliweka. Nilichosahau ni kwamba kidude nilichobeba kilikuwa na chipu ya CP2102, ambayo mwisho wake ni milioni moja. Cha mezani kwetu kina CH340, kinafika milioni mbili, ndiyo maana mezani sikuwahi kupata shida. Fundi simu mmoja pale senta aliniazima cha kwake, cha CH340, kwa sharti la kumwachia kitambulisho.

Safari hii maandishi yakasomeka. Bodi haikufa. SPL ilipakia FIT, ikahakiki heshi za kila kipande, zote sawa. BL31 ikajitambulisha. U-Boot ikaanza, ikatoa onyo kwamba CRC, namba ya kuhakiki, ya mazingira (vigezo vyake vilivyohifadhiwa) ni mbovu na inatumia yale ya msingi, ikaendelea, ikaita keneli, Linux ikawaka hadi mwisho. Kituo kilikuwa kinapumua vizuri kabisa. Kilichokuwa bubu ni modemu.

Nililisoma lile onyo la CRC na nikalipita. Nasema wazi: nililisoma. Nililipita kwa sababu bodi yetu ya mezani hutoa onyo lile lile kila inapowaka, tangu siku ya kwanza, na huwaka vizuri. Jicho langu lilikuwa limeshafundishwa kwamba mstari ule ni salamu.

Kilichokuwa ndani ya shimo

U-Boot ina mahali pa kuhifadhi vigezo vyake, panaitwa mazingira: idadi ya sekunde za kusubiri, amri za kuwaka, na chochote utakachoongeza. Sisi tuliongeza viwili. Kimoja ni namba ya kituo, ambayo U-Boot huipitisha kwa keneli kwenye mstari wa amri. Kingine ni upande. eMMC yetu ina patisheni, yaani vigawanyo vya diski, mbili za mfumo, A na B. Sasisho huingia upande usiotumika, na kigezo hicho huonyesha uwashwe upi. Ni mpango wa kawaida na umetuokoa mara nyingi.

Mazingira hayo yanakaa wapi? Kwa usanidi wa Rockchip ndani ya U-Boot, kwenye eMMC nje ya patisheni yoyote, baiti 0x3f8000 kutoka mwanzo, ukubwa 0x8000. Kwa lugha ya sekta ni 8128 hadi 8191: kilobaiti 32 za mwisho kabla ya kufika megabaiti 4 kamili.

Sekta ya 64 ni mwanzo wa faili la pamoja. Sekta ya 16384 ni mahali FIT inapoanzia. Na 8128 iko katikati.

Nilifanya hesabu hii nimekaa juu ya ndoo, mgongo kwenye bati la moto, baada ya kuona jambo moja kwenye Linux iliyowaka: ilikuwa imewaka upande A. Kituo cha Sengerema kilipaswa kuwa B. Vituo hivi viwili vya mbali tulivibadilishia modemu miezi michache kabla kwa sababu ya mtandao hafifu, na programu inayoijua modemu mpya iliingia B. Upande A ulibaki na mfumo wa zamani, ambao ukiiona modemu hiyo hauna habari nayo. Vile vitano vilikuwa A tangu mwanzo, kwa hiyo kurudishwa A hakukuviathiri. Vilipoteza namba tu. Dalili mbili, chanzo kimoja. Bodi zote saba zilisahau mazingira yao.

Nikatoa lile faili la pamoja kwenye kompyuta na kulitazama. Ukitoa sekta 64 za mwanzo, mazingira yanaangukia baiti 0x3f0000 ndani ya faili. Nikafungua hapo. Mistari na mistari ya ff. Kutoka SPL ilipoishia hadi 0x7f8000, FIT inapoanzia, ni ff tupu. Binman ilifanya ilichoambiwa: ijaze nafasi. Na dd ilifanya ilichoambiwa: iandike faili. Megabaiti saba na ushei za kijazo zikapita juu ya diski kama greda, na njiani kulikuwa na kibanda chetu.

Hili ndilo ninalotaka msomaji alishike kwenye kisa chote. Faili la pamoja si mafaili mawili yaliyogundishwa. Ni picha ya eneo la diski, na ukiiandika unatangaza umiliki wa eneo lote, pamoja na sehemu ambazo huna cha kuweka. Mafaili mawili yalikuwa yanagusa sehemu mbili. Hili moja linagusa sehemu tatu, na ya tatu haina jina popote kwenye skripti.

Na bodi ya mezani? Ilifaulu mitihani mitatu kwa sababu haikuwa na cha kupoteza. Hakuna mtu aliyewahi kuhifadhi mazingira juu yake. Ilikuwa inaishi na yale ya msingi maisha yake yote, ikilalamika kila asubuhi, na sisi tukaizoea sauti yake.

Kuvirudishia majina

Sengerema ilichukua dakika tano baada ya saa tano za kutafuta. Washa, chapa lile neno maalumu ndani ya sekunde mbili (mara ya tatu ndipo nilipofaulu, jasho likidondoka kwenye kibodi), weka namba 06, weka upande B, hifadhi kwa saveenv, zima, washa. Modemu ikaitika.

Vitano vya karibu vilikuwa mtandaoni, kwa hiyo tungeweza kuvirekebisha tukiwa ofisini. Mwenzangu alitaka kutumia fw_setenv, chombo cha kubadili mazingira ya U-Boot ukiwa ndani ya Linux. Nikamwomba ajaribu mezani kwanza, nashukuru. Chombo hicho kikikuta CRC mbovu hakina njia ya kujua mazingira ya msingi yaliyojengwa ndani ya U-Boot yetu. Kinategemea ya msingi ya kwake au faili ulilokipa. Ungeongeza namba ya kituo moja nzuri juu ya amri za kuwaka ambazo si zetu, CRC ingekuwa sahihi, onyo lingetoweka, na bodi isingewaka tena. Tukaacha. Badala yake tuliandika vigezo vyote kwenye faili la maandishi, kila kituo na lake, tukalipitisha kwa mkenvimage, chombo cha kuyafanya picha ya mazingira, yenye ukubwa wa 0x8000, na tukaandika matokeo kwa dd kwenye sekta ya 8128.

Lakini kituo kipi ni kipi, ikiwa vyote vinasema 00? Hapo laini za simu zilituokoa. Kila modemu ina laini yake, na namba za laini tulikuwa tumeziandika kwenye daftari la karatasi siku ya kuzisajili, mbele ya jina la mwalo. Daftari hilo lina doa la chai na ndilo lililokuwa nakala rudufu pekee ya mfumo mzima. Kuchambua taa zilizochanganyika kulikula siku mbili nzima, na wenye vituo vya Igombe na Kirumba hawakuficha maoni yao.

Ukerewe nilikwenda kwa meli ya asubuhi hadi Nansio. Msimamizi wa kituo kile ni mama mtu mzima anayeuza pia dagaa wakavu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mashine yako inawaka taa ya kijani, ila nikiibonyeza inaniambia bei sifuri. Nimewachajia watu wangu bure?"

Hakuwachajia bure. Alikuwa ameandika kila taa kwenye mfuniko wa boksi kwa kalamu ya mkaa, na hesabu yake iliingia kwenye mfumo bila tofauti ya shilingi. Siku mbili baadaye mwezi ulianza kuchelewa kutoka na mitumbwi ikaanza kuteremshwa.

Tulichobadilisha, na tulichobishania

Kwanza kuandika. Faili la pamoja bado tunalitumia, ila kwa bodi mpya tu, mahali ambapo kufuta eneo lote ndicho unachotaka. Bodi iliyoko mwaloni haiguswi nalo. Mwenzangu alipendekeza tuliache na kuongeza conv=sparse kwenye dd ili iruke kijazo; wazo zuri masikioni, lakini chaguo hilo huruka sekta za sifuri peke yake, na kijazo chetu ni ff. Lingeandika kila kitu vile vile huku likitupa imani. Tumerudi kwenye mistari miwili, sasa ikichukua vipande kutoka ujenzi mmoja wenye heshi iliyohakikiwa, na kwa mpangilio uliogeuzwa: u-boot.itb kwanza, isomwe tena na kulinganishwa, ndipo idbloader. Ile ya pili ni fupi, na dirisha la umeme kuharibu mambo linakuwa dogo. FIT ikikatikia njiani, bado bodi haiwaki. Mpangilio hauponyi hilo, na anayekwambia unaponya hajawahi kuvuta plagi. Kinachosaidia ni kuandika mchana, betri zikiwa juu, na skripti yenyewe kukataa kuanza volti zikiwa chini.

Kuhusu mazingira tulibishana zaidi. Rai ya mwenzangu: weka nakala ya pili, U-Boot inaruhusu nakala mbili zinazopokezana. Nikamuuliza ya pili angeiweka wapi. Akasema pembeni ya ya kwanza. Yaani ndani ya shimo lile lile, ifutwe na greda lile lile. Ikihamishwa nje ya megabaiti 16 za mwanzo, sawa, na tumeihamisha. Hata upande wa Allwinner jambo hili lina historia: mazingira yaliwahi kukaa kilobaiti 544, U-Boot za biti 64 zikanenepa hadi zikaanza kuyakaribia, na mahali hapo pakabadilishwa. Mazingira yaliyo nje ya patisheni yako sehemu isiyo na mlinzi. Meza ya patisheni haiyajui, hakuna chombo kitakachokuonya kwamba unakanyaga kitu.

Rai yangu, ambayo bado hatujamaliza kuigombania, ni kwamba namba ya kituo haikupaswa kuwa pale tangu mwanzo. Chipu ina utambulisho wake wa kudumu. U-Boot huusoma na kuupitisha kwa Linux, unauona kwenye /proc/device-tree/serial-number. Seva ingeweza kujua kwamba chipu fulani ni Nansio, na hata ukifuta eMMC nzima bodi ingerudi ikijijua. Mwenzangu anasema bodi ikiungua na kubadilishwa, msimamizi wa Nansio hatakuwa na wa kumweleza seva kwamba hii mpya ndiyo mrithi wa ile. Ana hoja. Kwa sasa tunatumia vyote viwili, na vikitofautiana seva inatupigia kelele.

Bodi ya mezani nayo ina mazingira yaliyohifadhiwa. Ni kituo namba 99, iko upande B, na bei yake ya kuchaji ni shilingi moja. Ikitoa onyo la CRC, aliye karibu anachomoa plagi na hakuna sasisho linalotoka siku hiyo.